Namna ya Kupika Kihindi Lubumbashi Bila Kufukuzwa Nyumbani

Kwanza kabisa, usitangaze. Baba anayerudi kutoka misa ya Jumapili, akavua koti, akasimama katikati ya sebule na kusema mbele ya watoto, shemeji na jirani aliyekuja kuazima chumvi, "Leo ninapika mimi, tena ninapika Kihindi," huyo ameshashindwa kabla hajamenya kitunguu. Ahadi za wanasiasa mji huu umezizoea na unazisamehe. Ahadi ya chakula haisamehewi. Ingia jikoni kimya kimya, na mtu akikuuliza unafanya nini, mjibu: "Napika mboga." Si uongo, na bado hujajifunga.

Mwongozo huu ni wa yule aliyetazama video kwenye simu usiku, akamwona mama mmoja wa Delhi akimwagia dengu mafuta ya moto yenye bizari, sufuria ikalia tshaaa, naye akajiambia: hata miye nitaweza. Utaweza, ndugu yangu. Ila ukumbuke kwamba yule mama ana gesi, ana mashine ya kusagia, ana mtu wa kumshikia kamera, na kubwa kuliko yote, hana mama mkwe aliyezaliwa Kasenga kando ya mto Luapula, ambaye tangu utotoni anajua kwamba mlo ni bukari, yaani ugali wetu, na samaki, na vingine vyote ni vya kupitisha wakati.

Hatua ya kwanza: washa jiko la umeme, weka sufuria, tia mafuta. Hatua ya pili: umeme umekatika, hamishia kila kitu kwenye mbabula. Hatua hizi mbili zinaweza kuunganishwa kwa kuanza na mbabula moja kwa moja, lakini wengi hupenda kujipa matumaini kwanza.

Usiione mbabula kuwa aibu. Moto wa makala ni mzuri sana kwa mapishi haya, na vijiji vingi vya India vimepika juu ya makala na kuni tangu zamani bila kuomba radhi. Una kasoro moja tu: hauna kitufe cha kupunguza. Bizari huungua haraka kuliko unavyoweza kuita mtoto akuletee koleo. Basi kabla ya kuanza, weka tofali kando ya mbabula, na moto ukizidi, sufuria inakaa juu ya tofali, wewe unapangua makala bila kelele. Anayepiga kelele jikoni huleta washauri, na washauri wa jikoni Lubumbashi hawaji mmoja mmoja.

Hapa kuna jambo la elimu, na ukilisema kwa sauti nzito familia itadhani una mpango. Mji wetu uko juu, kama mita 1,200 kutoka usawa wa bahari, kwa hiyo maji yetu huchemka kwenye nyuzi 96 hivi, hayafiki 100. Maharagi makavu yanalijua hilo. Yanakaa motoni saa mbili, saa tatu, yanakutazama tu, gunia la makala linapungua, na miti ya miombo inazidi kwenda mbali na mji. Dengu nyekundu, zile zilizokobolewa na kupasuliwa, huiva kwa nusu saa bila hata kulowekwa. Hesabu ya makala peke yake ingetosha kumshawishi mwenye nyumba ale Kihindi walau mara moja kwa juma. Anzia hapo. Habari za utamu zitafuata baadaye, zikifuata.

Sasa manunuzi. Katikati ya mji, kwenye maduka yanayouza vyakula vya Kihindi, utakuta rafu nzima ya vipaketi vyenye picha ya kuku mwekundu kupita kiasi. Mwenye duka, kwa upole mkubwa, atakushauri uchukue cha kuku, cha samaki, cha dengu, cha mayai na kimoja ambacho hata yeye hawezi kukieleza. Ukimsikiliza, utarudi nyumbani na mali ya kutosha kufungua duka la kushindana naye. Ndani ya vipaketi vingi mna ndugu walewale kwa vipimo tofauti: uzile, giligilani, manjano, pilipili, na chumvi ambayo umeinunua kwa bei ya bizari. Wewe chukua mbegu za uzile, ambazo huenda paketi yake imeandikwa kumini, unga wa giligilani, unga wa manjano, na kilo moja ya dengu nyekundu. Toka dukani. Usigeuke nyuma. Iliki, karafuu na mdalasini ni vya pilau, na pilau ni siku nyingine yenye fedha nyingine.

Vilivyobaki viko soko la Kenya, au Katuba, au soko la Mzee: vitunguu, tomati, tangawizi, vitunguu saumu, pilipili mbichi, lengalenga. Nunua vitunguu mara mbili ya unavyodhani vinatosha. Bado havitatosha.

Na ule unga wa rangi ya manjano ulioandikwa kari, ulioko kabatini tangu kabla ya uchaguzi uliopita? Uheshimu kama mzee wa nyumba, uuache ulipo. Ni Waingereza walioanza kuuza unga uliochanganywa tayari namna ile, tangu karne ya 18, kwa watu waliorudi kwao kutoka India wakitamani vyakula walivyokuwa wakipikiwa na wengine. Ni kumbukumbu ya watu waliokula bila kuingia jikoni. Wewe umeamua kuingia.

Ndugu zetu wa pwani watacheka wakisoma haya. Mombasa mtoto hula viazi karai akitoka shule, Zanzibar watu hupanga foleni ya urojo jioni, na kutoka Kampala hadi Dar es Salaam chapati imeshasahau ilikotoka. Wana haki ya kucheka, kwani wao wamefanya biashara na Gujarat kwa karne nyingi, halafu kati ya 1896 na 1901 Waingereza wakaleta vibarua zaidi ya 30,000 kutoka India kujenga reli ya kutoka Mombasa hadi Ziwa Victoria, na vibarua hao walikuja na matumbo yao. Reli yetu sisi ilitokea kusini, pamoja na mahindi ya kusini na desturi ya posho ya unga kwa mfanyakazi wa mgodini. Ndiyo maana wao wana sambusa katika damu, na sisi tuna bukari.

Lakini tusijidharau. Wahindi wanaokumbukwa na wazee wa mji huu walikuja na kofia za buluu. Mwaka 1961, Lubumbashi ikiwa bado inaitwa Élisabethville na Moïse Tshombe akiwa ameitangaza Katanga kuwa nchi ya peke yake tangu tarehe 11 Julai 1960, Umoja wa Mataifa ulileta hapa brigedi ya jeshi la India. Tarehe 5 Desemba 1961, Kapteni Gurbachan Singh Salaria, mwenye umri wa miaka 26, aliuawa hapa mjini akiongoza Wagurkha wachache kuvunja kizuizi cha barabara kuelekea uwanja wa ndege. Nchi yake ilimpa Param Vir Chakra, nishani yake ya juu kabisa ya ushujaa vitani. Ikiwa mezani kwako kuna mzee aliyeishi siku zile, usiianzishe hadithi hii kabla hajala. Ana upande wake, na simulizi lake ni refu kuliko maisha ya dengu kwenye sahani.

Nimemtaja kapteni kwa sababu ya tumbo. Alizaliwa Punjab, na huko Punjab mlo unaopendwa na wakulima wakati wa baridi ni mkate wa unga wa mahindi, makki di roti, pamoja na majani ya haradali yaliyopikwa mpaka yakalainika, sarson da saag. Soma tena polepole. Unga wa mahindi. Majani ya kijani. Mkono wa kulia. Askari alivuka bahari nzima akafika mahali ambapo watu wanakula karibu kile kile cha kwao, tofauti ikiwa ni kijiko cha uzile na namna ya kuusonga unga. Huo ndio msingi wa mwongozo huu, na kila mpishi wa Lubumbashi anayehangaika kutafuta mchele wa basmati kwa bei ya kiatu aufikirie kwanza.

Tuanze na dengu. Chukua robo kilo, osha mpaka maji yaache kutoka meupe, tia lita moja ya maji na nusu kijiko cha chai cha manjano, weka motoni, engua povu. Nusu saa. Wakati huo sufuria ya pili inahitaji moto wa pili, na hapo ndipo utakapotambua kwamba mbabula ya pili iko kwa jirani, yule wa chumvi. Mfanyie hesabu ya sahani moja.

Katika sufuria ya pili ndipo ilipo kazi yenyewe, na ndipo wengi wanapopotea. Mafuta vijiko vitatu vikubwa, yapate moto. Tia kijiko cha chai cha mbegu za uzile. Zitalia, zitabadilika rangi, harufu itatoka mpaka barabarani. Hapo tia vitunguu viwili vikubwa vilivyokatwa vyembamba, mara moja, kabla mbegu hazijawa nyeusi. Sasa subiri. Video imesema dakika tano. Video imedanganya. Kitunguu kinachotakiwa ni cha rangi ya udongo wa barabara zetu, na kukifikisha huko ni dakika kumi na tano, ishirini, ukikoroga na kutia chumvi kidogo ili kitoe maji. Katika muda huo watu watakuja kuchungulia. Shemeji atasema vimeiva. Mtoto atasema ana njaa. Mtu fulani atapendekeza tomati sasa. Usikubali. Tofauti kati ya chakula cha Kihindi na supu ya manjano yote imo katika dakika hizo kumi na tano, na hakuna paketi ya dukani inayoweza kukusaidia ukishaziruka.

Kitunguu kikifika, tia tangawizi na kitunguu saumu vilivyotwangwa, kijiko kimoja kimoja. Kisha giligilani, kijiko kimoja, pamoja na maji kidogo ili unga usiungue. Harufu nyingi ya bizari huyeyuka katika mafuta kuliko katika maji, kwa hiyo yule anayemwaga bizari mwishoni juu ya mchuzi uliokwisha kuchemka anapamba tu. Tia tomati mbili au tatu zilizokatwa, uziache zisagike mpaka uone mafuta yanajitenga kandokando ya sufuria. Mimina dengu humo, chumvi, chemsha kidogo. Umemaliza. Ukitaka ile tshaaa ya kwenye video, pasha mafuta kidogo pembeni na kitunguu saumu na pilipili kavu, uyamwage juu mbele ya watu. Haiongezi sana utamu, lakini inaongeza heshima.

Kuhusu kube, vile vidonge vya kukolezea mchuzi: usitie kube. Nimeshasema, nimetimiza wajibu wangu. Sasa unaweza kutia nusu wakati hakuna anayetazama, nami kutoka hapa siwezi kukushika mkono.

Kuhusu mawese, hukumu yangu ni kali zaidi. Katika dengu, hapana. Mawese ni bwana mkubwa, hakubali kukaa chumba kimoja na uzile, na atakayetoka ni uzile. Lakini katika lengalenga, ambako tunakwenda sasa, vijiko viwili vya mawese vinaleta maelewano ambayo Umoja wa Mataifa haukuyapata.

Lengalenga ni rahisi mpaka inatia aibu kuiandika. Wahindi nao hula majani ya mchicha wa aina hii, kwa hiyo hapa huigi kitu, unakutana na ndugu. Uzile katika mafuta, kitunguu saumu kingi, pilipili mbichi moja iliyopasuliwa, kitunguu, kisha lengalenga iliyooshwa na kukatwa. Usitie maji, majani yana maji yao. Dakika kumi. Ukiwa na kiazi ulaya, kikate vipande vidogo, ukikaange kwanza. Matembele pia yanakubali. Sombe, yaani majani ya muhogo, haikubali, na tafadhali usiijaribu: sombe imeshapata mume wake, ambaye ni karanga.

Maharagi, yale unayoyapika siku zote kwa tomati na kitunguu, ndiyo yale yale ambayo kaskazini mwa India huyaita rajma na kuyala na wali siku za mapumziko. Ongeza tangawizi, uzile na giligilani, na umeshapika Kihindi bila mtu yeyote kushtuka. Hii ndiyo njia ya waoga, nami naipendekeza.

Kuku: wa barafu anaiva haraka na hana la kusema. Wa kijiji ana ladha, ila anaomba saa moja na nusu na makala ya kutosha, kwa hiyo mweke kabla hujaenda misa au badilisha dini. Namna ni ile ile ya kitunguu na tomati, na mtindi kikombe kimoja mwishoni, moto ukiwa mdogo ili usikatike.

Chapati: nunua.

Meza sasa. Kama kuna kitambaa cheupe kilichotoka kwa mama mkwe, kitoe kabla hujaleta sufuria. Doa la manjano lina tabia ambayo mwongozo wowote wa heshima lazima uitaje: likikutana na sabuni ya kipande linageuka jekundu. Mwenye kufua atadhani ni damu na ataanza kuhesabu watoto. Si damu, ni sabuni kuwa na magadi na manjano kutoyapenda. Suuza, anika juani, na jua la Katanga litaifuta rangi hiyo siku mbili tatu zikipita, wakati wewe ukiwa bado unaeleza.

Pilipili nayo iwekwe kando, katika kibakuli, kila mtu ajichukulie dhambi zake. Atakayezidisha asipewe maji wala bia. Ukali wa pilipili hauyeyuki katika maji, unazunguka tu mdomoni ukitafuta mahali papya. Apewe maziwa au mtindi. Kama havipo, tonge kubwa la bukari.

Na bukari ndiyo hiyo tumeifikia. Utakuwa umepika wali, kwa sababu video ilipika wali. Utaweka dengu, lengalenga, kuku, wali mweupe unaopepea, na utakaa chini ukisubiri pongezi. Mtoto wa mwisho ataangalia sahani: "Papa, hii ya manjano njo nini?" Utamjibu ni mboga. Atakula. Kisha mama mkwe, ambaye amekula kimya na amekula sana, atafuta mdomo, atakutazama kwa huruma ya kweli na kusema: "Ni muzuri, mukwe wangu. Sasa bukari iko wapi?"

Hapo wapishi wengi wa kiume huvunjika moyo na kurudi kwenye michopo ya kununua. Huko ni kutoelewa. Mama huyo amesema jambo lile lile ambalo mkulima wa Punjab angelisema mwezi wa Januari. Basi maji ya bukari yawe motoni tangu mapema, na dengu zako ziwe nzito kiasi cha kushikika kwa tonge. Dengu za kunywewa kwa kijiko ni za mgonjwa. Wali upike kidogo, kwa ajili ya watoto na picha.

Atabaki mjomba mmoja mwenye diploma, ambaye kila familia imepewa wake. Atasema kwamba sisi hatuli vitu vya kigeni, kwamba mababu zetu walikula bukari ya mahindi, muhogo, tomati na pilipili. Usibishane naye, mwongezee kuku. Lakini ukishindwa kujizuia, mwambie kwamba mahindi, muhogo, tomati na pilipili vyote vilitoka Amerika, vikaletwa huku na Wareno na wengine baada ya Columbus kuvuka, na kwamba Wareno hao hao ndio waliowapelekea Wahindi pilipili katika karne ya 16. Katika sufuria ile yote, kilicho cha India hasa ni manjano. Na unga wa bukari yenyewe, mara nyingi, umepita Kasumbalesa juma lililopita ndani ya lori kutoka Zambia. Mjomba atanyamaza, kisha ataomba dengu zaidi, kwa sababu hoja na njaa hukaa nyumba tofauti.

Mambo mawili ya mwisho kwa baba aliyesoma mpaka hapa. Uzile uununue kidogo kidogo, uunuse kabla ya kulipa, na usionuka umwachie mwenye duka hata akikupunguzia bei. Na sufuria ya vitunguu, ile iliyoshika chini kwa sababu ulikwenda kujibu simu, uioshe mwenyewe, leo hii, kabla mwenye jiko hajaiona.